Mkaja wa mama nimpe nani?

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 30, Mluguru wa Matombo, naishi Dar es Salaam na nafanya kazi maabara. Oktoba nafunga ndoa kanisani na kijana ambaye tumekuwa pamoja miaka mitatu. Barua ya posa ilipokelewa na mjomba, mshenga akapewa orodha, na mahari imeshalipwa zaidi ya nusu. Kamati inakaa kila Jumapili. Ukitutazama kwa nje mambo yanakwenda. Kinachoninyima usingizi ni mama.

Mama alinizaa akiwa kidato cha pili. Nilipoachishwa ziwa alikwenda Morogoro mjini kufanya kazi za ndani, mimi nikabaki kwa bibi, mzaa mama. Bibi ndiye niliyemwita mama. Mama mzazi nilimwita dada, kama wadogo zake walivyomwita. Nilikuwa darasa la nne watoto wa jirani waliponiambia kwamba dada ndiye mama yangu. Alikuwa akija Krismasi na sare ya shule na viatu ambavyo mara nyingi havikunitosha, anakaa siku mbili, anaondoka. Baadaye aliolewa Kilosa akapata wavulana wawili. Ndoa ilipovunjika alirudi Matombo, na sasa anaishi nao kwenye nyumba ya bibi.

Bibi alifariki miaka minne iliyopita kwa kiharusi. Hospitali nililipa mimi, jeneza nikanunua mimi. Wasifu wa marehemu niliuandika mimi usiku wa kuamkia mazishi, katekista akausoma: ameacha watoto sita, mimi nikiwa kitindamimba. Jioni ya siku hiyohiyo akina mama walikuwa wamekaa mkekani wakipanga mambo ya arobaini. Mmoja akamwambia mama, "Mwambie binti yako, atasaidia." Mama akajibu kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Mimi sina mtoto wa kike. Huyo ni wa marehemu."

Niliondoka alfajiri bila kuaga. Namba yake nikaizuia. Mara mbili amenitumia salamu kupitia mama mdogo, sikujibu. Kaburi la bibi liko nyuma ya nyumba ile, sijaliona tangu mazishi, hata sijui kama limejengewa.

Sasa mama mdogo, ambaye nilikaa kwake nilipokuwa chuo, amejitolea kukaa kiti cha mama kwenye kitchen party na send-off. Mimi nilifurahi, lakini mjomba ananisumbua. Anashikilia shilingi laki tatu za mkaja wa mama, na ameniambia, "Hii ni ya tumbo lililokubeba. Nitampa utakayenitajia, ila unitajie wewe mwenyewe." Mjomba huyohuyo ndiye aliyenifuatilia cheti kipya cha ubatizo parokiani, maana paroko wa huku alikitaka. Nilipokifungua nikaona jina la mama kwenye mstari wake. Nikakikunja nikakirudisha kwenye bahasha.

Na kuna jambo la aibu. Mama mkwe wangu mtarajiwa, mtu wa Iringa anayeishi Kimara, mama mwema sana, aliniuliza kwa nini mama haonekani. Nikamwambia anaumwa miguu, hawezi kusafiri. Mchumba wangu alikuwepo, akakaa kimya. Sasa mama mkwe amezungumza na wenzake wa jumuiya, na Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao wanataka kwenda Matombo kumjulia hali mgonjwa.

Shangazi, nimwalike? Akija akarudia maneno ya msibani mbele ya wakwe, nitaficha wapi uso? Asipokuja, nitakuwa nimejidhalilisha bure. Rafiki mmoja ananiambia mama ni mama hata akiwa kichaa. Mwingine ananiambia siku ni yangu, nisialike wa kuniharibia. Nimechoka na methali. Nataka mtu aniambie cha kufanya.

Binti wa Matombo

* * *

Marahaba, mwanangu.

Cha kufanya sitakuambia, na najua hilo litakukera, maana ndilo uliloniandikia. Lakini nimeisoma barua yako mara tatu, na kuna mambo ndani yake uliyoyapita mbio ambayo ningependa turudi tuyatazame pamoja.

Naanza na mama mkwe kwa sababu yeye ana tarehe. Mengine yote yanaweza kukusubiri, hili haliwezi. Hebu waone wale akina mama wa jumuiya wakishuka kwenye gari pale Matombo na khanga zao, sukari na mchele mkononi, wamkute mgonjwa wao anatoka shamba na mkungu wa ndizi kichwani. Watakaoaibika hapo ni wengi, na wa kwanza si wewe, ni mama yako, atakayegundua mbele ya wageni kwamba mwanawe amemtangazia ugonjwa. Unajua kwetu jambo hilo linavyochukuliwa. Mwenyewe ataona umemfanyia uchuro.

Zungumza kwanza na mchumba wako. Yeye yumo kwenye uongo huu tangu siku ile aliponyamaza, na huenda ananyamaza bado kwa kusubiri wewe uanze. Kisha mama mkwe, uso kwa uso, kwa maneno machache: "Mama, nilikudanganya. Mama yangu haumwi. Hatuzungumzi tangu bibi afariki, niliona aibu kukuambia." Kuna hatari mbili hapo. Anaweza kuyapeleka jumuiya. Mwombe waziwazi yabaki kwake. Au anaweza kufunga safari vilevile, safari hii akiwa mpatanishi, na wema wa namna hiyo nimeuona ukivuruga zaidi ya ugomvi wenyewe. Mwambie kwa adabu kwamba ukihitaji mtu wa kwenda naye, utamwomba. Ukimkuta ni mtu mwema kama unavyosema, atakasirika kidogo kisha atakupikia chai.

Sasa nirudi kwenye ule mkeka.

Maneno aliyosema mama yako ni makali, na hakuna mtoto aliyetoka kuzika anayestahili kuyasikia. Nimeliweka hilo mbele ili usidhani ninayofuatia kusema yanalifuta. Ila soma tena mstari ulioutanguliza mwenyewe: ameacha watoto sita. Hesabu nami, mwanangu. Bibi alizaa watano. Wa sita ni mjukuu. Mama yako alikuwa amesimama pale na kijiji kizima, katekista anasoma kwa kipaza sauti, na anachokisikia ni kwamba binti aliyemzaa ni mdogo wake. Saa chache baadaye mtu anamwambia "mwambie binti yako", naye anajibu: sina, huyo ni wa marehemu.

Inawezekana alikuwa anakukana. Inawezekana pia alikuwa anarudia ulichoandika. Inawezekana yote mawili kwa pamoja, maana mtu aliyeumia huchukua neno lolote lililo karibu akarusha. Mimi sikuwepo, siwezi kuamua. Sikulaumu kwa ule wasifu pia. Uliandika usiku, una majonzi, na uliandika ulivyoishi, kwa sababu bibi kweli alikuwa mama yako. Ninachokuuliza ni kama katika miaka minne hii umewahi kuyasikia maneno yale kwa sikio jingine. Kama hujawahi, jaribu mara moja tu, halafu uone kama bado yana maana ileile.

Kuna mstari mwingine: "Mama alinizaa akiwa kidato cha pili." Ukaweka nukta ukaendelea. Msichana wa kidato cha pili ana miaka kama kumi na sita. Wakati ule aliyepata mimba alifukuzwa shule na hakuruhusiwa kurudi. Serikali ilikuja kutangaza kwamba wanaweza kurudi mwezi Novemba 2021, na kwa hesabu yangu wewe ulikuwa umeshamaliza chuo. Kwa hiyo yule "dada" aliyekuja Krismasi alikuwa binti aliyetolewa darasani, akaenda kufua nguo za watu mjini, akirudi nyumbani mtoto wake anamkimbilia bibi. Ulisema viatu havikukutosha. Mtu anayekaa mbali hununua viatu kwa kukumbuka mguu aliouacha.

Hapo hapo nikajiuliza: baba yako yuko wapi? Katika barua nzima hayumo. Hakuna anayeuliza kiti chake kitakaliwa na nani, hakuna rafiki aliyekuambia baba ni baba. Najua kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ndiye mwenye neno, kwa hiyo pengo lake halionekani kwenye orodha ya mahari. Lakini kosa la watu wawili limebaki kuwa la mmoja kwa miaka thelathini, na wewe mwenyewe umelirithi hivyo bila kukusudia.

Najua unachokiwaza: Shangazi ameegemea upande wa mama. Sijaegemea. Yule mtoto wa darasa la nne aliyeambiwa na watoto wa jirani siri ya maisha yake, badala ya kuambiwa na mama au bibi, ana haki ya hasira yake yote, na hasira hiyo inamgusa bibi pia ingawa kumkasirikia marehemu ni vigumu. Mtu akimwelewa mama yake hajawa na deni la kumwalika. Na kwa msomaji mwingine anayesoma hapa, ambaye mama yake alimpiga, au alimwacha mikononi mwa mtu aliyemdhuru: haya hayakuhusu, na umbali unaweza kuwa ndio usalama wako. Katika barua ya binti huyu sikuona hilo. Kama lipo na hukuliandika, mwanangu, basi puuza nusu ya ninayosema.

Tuje kwenye njia zako.

Unaweza kutomwalika. Ndoa haitapungua kitu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ninyi wawili mkubali kwa hiari na taarifa itolewe siku 21 kabla. Kwa umri wako haihitaji ridhaa ya mzazi. Kanisa litawatangaza, litataka mashahidi wawili, basi. Asikutishe mtu kwamba bila mama ndoa ina kasoro. Gharama yake iko kwingine. Mjomba atakuwa ameketi na dada yake upande mmoja na wewe upande mwingine. Mama mdogo atakaa kiti cha dada yake wa tumbo moja, na siku ya pili yake yeye ndiye atakayepigiwa simu kutoka Matombo. Umemuuliza kama yuko tayari kwa hilo, au alijitolea kwa sababu alikuona unalia? Na ukijaliwa mtoto, ile wiki ya kwanza ambayo mama mzazi huja kumkanda binti yake na kumfunga mkaja, swali hili litarudi. Huenda ukalijibu vivyo hivyo, na iwe sawa kabisa. Nakutajia tu lisije kukushtua.

Unaweza kumtumia kadi. Hii ndiyo njia ninayoiogopa zaidi, ingawa ni nyepesi. Kadi yenye maua kwa mtu msiyezungumza naye miaka minne anaisoma kama hati ya kuitwa barazani. Akija, atakuja na miaka minne kifuani, na mkutano wenu wa kwanza utakuwa mbele ya mpiga picha.

Unaweza kwenda, na kama utakwenda, usiende wiki ya mwisho. Julai au Agosti, njia ya Mkuyuni ikiwa kavu. Mwambie mjomba, lala kwake, ili ukitaka kuondoka pale kwa mama uweze kuondoka bila kutafuta gari usiku. Usibebe fedha mkononi, isije ikaonekana umekwenda kununua au kulipa. Wala usiende kupatana. Patano la siku moja ni zito mno kwa safari moja. Unaweza kwenda kwa jambo dogo kuliko hilo, kwa mfano kumwambia kwa mdomo wako kwamba unaolewa, asizisikie habari zako kwa watu. Au nenda kwa ajili ya bibi. Uliondoka kabla ya kuanua matanga, mwanangu. Sijaona mahali ulipoandika kwamba ulimlilia. Kaburi liko nyuma ya nyumba ile, na kwa mvua za Uluguru kaburi lisiloshughulikiwa miaka minne halionekani tena kwa majani. Nenda ukaone kama linaonekana. Kama ni safi, basi kuna mtu amekuwa akilipalilia.

Ukienda anaweza asikufungulie. Anaweza kusema makali zaidi. Anaweza kuanza na shida za wale wavulana na ada zao. Na lipo jingine ambalo watu hawalitarajii: anaweza kukupokea vizuri, akakupikia, akacheka, na wewe ukarudi Dar ukiwa na hasira ileile, sasa ukiwa huna hata pa kuiweka. Ikikutokea, usijione mbaya.

Unadhani atakuja kukuaibisha. Labda. Lakini alituma salamu mara mbili, nawe hukumuuliza mama mdogo zilikuwa salamu gani. Zilikuwa "msalimie" tu, au zilikuwa na neno ndani yake? Kabla hujaamua lolote, simu moja kwa mama mdogo itakuambia zaidi ya mimi. Ila mwombe akunukulie, asikufasirie.

Kama mwishowe ukimwalika, si lazima umwalike kila mahali. Kanisani hakuna kipaza sauti kinachozunguka. Kitchen party ndiko mama wa bibi harusi husimamishwa aongee, tena mbele ya wanawake watupu wanaosubiri kusikia. Hapo ndipo ningepima mara mbili. Mke wa mjomba akae naye bega kwa bega. Na MC apewe karatasi yenye majina na maneno hasa ya kutumia, iwe mama amekuja au hakuja. Usimwachie abuni, kwa sababu ma-MC wetu wakishapewa kipaza sauti hupenda sana kuita "mama mzazi yuko wapi, mama mzazi vigelegele!", na ukumbi ukinyamaza baada ya hapo hakuna muziki utakaouziba.

Umesema unataka kujua kama umwalike, lakini kichwa cha habari yako yote mjomba alishakiweka mezani, na naona ni mzee mwenye busara. Mkaja ni kitambaa anachofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua. Hauulizi nani alikulea, wala nani alikufanyia wema. Ndiyo maana mjomba amekwama. Unaweza kumwambia aupeleke kwa mama yako bila kadi na bila ujumbe, ukaacha hapo. Kwa njia hiyo utakuwa umekiri alikubeba, na hujaahidi kingine. Hatari yake: anaweza kuurudisha, na utaumia. Au anaweza kuuona ni mlango, akaja siku ya harusi amevaa kitenge kipya. Uwe umeshaamua siku hiyo atakaa wapi.

Mama mdogo naye unaweza kumpa zawadi yake, kwa jina lake, kwa malezi yake ya miaka ya chuo. Na bibi? Sijui kwenu hufanywaje kwa aliyekwisha kutangulia. Muulize mjomba, hilo analijua kuliko mimi. Nahisi kiti kinachokuliza ni cha bibi kuliko cha mama, na sijui kama mtu yeyote kwenye kamati yako amelitaja jina lake hata mara moja.

Fedha ya mkaja iko kwa mjomba, haiozi. Mwambie akuvumilie. Mama mkwe ndiye wa wiki hii.

Shangazi